Haidranjia wakati wa kiangazi: kwa nini jani lililolegea mchana si lazima liwe na kiu

Kila kiangazi kinapokolea, swali moja hurudi midomoni mwa watu wanaotunza maua katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Haidranjia iliyokuwa imesimama vizuri asubuhi, ikiwa na vichwa vya maua vilivyojaa, inakutwa saa saba mchana majani yamening'inia na maua yameinama hadi kugusa ardhi. Kwa wakazi wa Limuru na Tigoni hali hiyo huonekana Januari, Februari na mwanzoni mwa Machi. Kwa wakazi wa Njombe na Mufindi, ambako mvua hukatika kwa miezi mingi katikati ya mwaka, makali yake huja Septemba na Oktoba. Majibu yanayotolewa hupingana. Mmoja hushauri umwagilie mara tatu kwa siku, mwingine huapa kwamba ukimwagilia jua likiwa utosini utaunguza majani, wa tatu huleta mbolea ili mmea upate nguvu, na wa nne hukata tamaa na kusema kuwa ua hili ni la Ulaya na haliwezi jua la Ikweta.

Kila mmoja wao ameona jambo la kweli, ila wengi wameiunganisha dalili na chanzo kisicho chake. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba uamuzi wa kumwagilia haidranjia usifanywe kwa kutazama jani peke yake, bali kwa kuupima udongo, kwa sababu jani hulegea kwa sababu kadhaa zinazotofautiana, na mojawapo ya sababu hizo ni maji kuzidi. Anayemwagilia kila anapoona jani limelala anaweza, kwa nia njema kabisa, kuiozesha mizizi ya mmea anaoupenda.

Tuanze na mmea wenyewe. Haidranjia inayojulikana zaidi katika bustani zetu, yenye majani mapana yenye meno pembeni na maua yaliyojikusanya kuwa kichwa kikubwa cha duara, kitaalamu huitwa Hydrangea macrophylla, na asili yake ni Japani, si Ulaya. Huko hukua penye unyevu mwingi wa hewa na kivuli cha kiasi. Yale tunayoyaita maua kwa sehemu kubwa si petali bali ni sepali, yaani vijani maalumu ambavyo katika mimea mingi hufunika tumba kabla halijafunguka. Katika haidranjia vimekuwa vipana na vyenye rangi, na maua halisi ni yale madogo yaliyojificha katikati. Jambo hili lina maana kubwa wakati wa joto, kwa kuwa kichwa kimoja cha haidranjia ni mkusanyiko wa sepali nyingi laini, na kila moja inapoteza maji hewani.

Zipo jamaa zake zinazovumilia zaidi. Hydrangea paniculata, yenye vichwa virefu vilivyochongoka, hustahimili jua kuliko ile ya kawaida. Hydrangea quercifolia, yenye asili ya kusini mashariki mwa Marekani, huvumilia ukame kuliko zote hizo, ingawa haipendi kabisa udongo unaotuamisha maji. Hata hivyo, katika vitalu vingi vya kwetu inayouzwa ni macrophylla, na ndiyo nitakayoizungumzia.

Kulegea, kunyauka na kuungua

Ni vizuri kutenganisha hali tatu ambazo mara nyingi huitwa kwa jina moja. Kulegea ni jani kupoteza ukakamavu wake likiwa bado kijani na laini, na linaweza kusimama tena. Kunyauka ni hatua inayofuata, ambapo jani halisimami tena hata baada ya usiku mzima, na ncha za matawi machanga nazo zimelala. Kuungua ni kufa kwa sehemu ya jani, kwa kawaida kwenye kingo na ncha, ikabaki rangi ya kahawia na kukauka. Sehemu hiyo hairudi kamwe, hata ukimwaga kisima kizima.

Kulegea kwa mchana hutokea hivi. Jani lina vitundu vidogo sana, vingi vikiwa upande wa chini, ambavyo hupitisha hewa ambayo mmea hutumia kujitengenezea chakula. Vikiwa wazi, maji nayo hutoka kupitia humo kama mvuke. Maji hayo hupaswa kufidiwa na yale yanayovutwa na mizizi kutoka udongoni. Wanaoishi penye mgao wa maji wataelewa upesi: fikiria simtanki lililo juu ya nyumba, linalojazwa na bomba jembamba, na chini yake kuna nyumba kadhaa zilizofungua mabomba yao yote kwa wakati mmoja. Kiwango cha maji tangini kitashuka hata kama bomba linaloleta maji halijakatika, na usiku, kila mtu akishafunga, tanki litajaa tena bila fundi kuitwa. Haidranjia ina majani makubwa yasiyo na unene, kwa hiyo matumizi yake ya mchana ni makubwa. Na mizizi yake ni ya juujuu, mingi ikiwa katika sentimita 15 hadi 30 za mwanzo za udongo, kwa hiyo uwezo wa kuleta maji una kikomo. Joto likipanda, hewa ikikauka na upepo ukivuma, matumizi hupita mapato kwa saa chache. Jani hulegea. Jua likishuka, hujaa tena.

Kulegea kwa namna hiyo si ugonjwa, na kwa kiasi fulani ni kinga: jani lililoning'inia wima hupokea jua kidogo kuliko jani lililotandazwa bapa chini ya jua la utosini.

Kutokana na maelezo hayo, saa ya kuikagua haidranjia si saa saba mchana bali alfajiri. Ikiwa majani yamesimama kufikia saa moja asubuhi, mmea ulipata maji ya kutosha usiku na hauko hatarini, hata kama jana mchana ulionekana unakufa. Ikiwa majani bado yamelala asubuhi, kabla jua halijawa na nguvu, kuna tatizo la kweli. Tatizo hilo linaweza kuwa la namna mbili zinazofanana machoni na kupingana katika tiba.

La kwanza ni udongo mkavu, na tiba yake inajulikana. La pili ni udongo uliojaa maji kwa siku nyingi mfululizo. Mizizi ni viungo vilivyo hai na huhitaji hewa ili ifanye kazi. Nafasi ndogondogo kati ya chembe za udongo zikijaa maji muda wote, hewa hukosa mahali pa kukaa, mizizi hudhoofika, kisha kuvu huishambulia na kuiozesha. Mzizi uliooza hauwezi kuvuta maji hata ukiwa umezama ndani yake, na jani hulegea vile vile kama la mmea wenye kiu. Mwenye bustani akiliona jani limelala huongeza ndoo nyingine, na mmea hufa ukiwa umezungukwa na maji. Dalili zinazosaidia kutofautisha ni majani ya chini kugeuka manjano, udongo kunuka uvundo, na shina kuwa laini karibu na ardhi.

Namna ya kuupima udongo

Kipimo hakihitaji chombo cha kununua. Chukua kijiti kikavu cha unene wa penseli, kisicho na gamba, kichomeke udongoni kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, kwenye mzunguko ulio chini ya ncha za matawi badala ya karibu na shina, kiache dakika chache kisha kichomoe. Kikitoka kikavu, kikiwa na vumbi tu, udongo wa kina cha mizizi umekauka na mmea unahitaji maji siku hiyo. Kikitoka na rangi iliyokolea na chembe chache za udongo zilizonata, unyevu upo na unaweza kusubiri. Kikitoka na tope linalong'aa, acha kabisa, hata kama jani limelala.

Uso wa udongo hudanganya pande zote mbili. Udongo mwekundu wa Limuru unaweza kuwa mkavu na kupasuka kwa juu huku sentimita 10 chini ukiwa na unyevu wa kutosha siku tatu. Kinyume chake hutokea kwa mtu anayenyunyiza kidogo kila jioni: juu pana giza la maji na panapendeza, lakini ukichimbua kwa kijiko cha bustani unakuta vumbi kuanzia kina cha vidole viwili. Hili la pili ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi, na linastahili kuelezwa kwa hesabu.

Kanuni inayotumiwa sana na watunza bustani ni kwamba haidranjia huhitaji takriban milimita 25 za maji kwa wiki. Milimita moja ya maji juu ya eneo la mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa hiyo kichaka kinachofunika mita moja ya mraba huhitaji kama lita 25 kwa wiki, yaani dumu moja la lita 20 na robo yake. Kiangazi kinapokuwa kikali, chenye upepo na anga lisilo na wingu, mahitaji hayo huweza kupanda hadi lita 35 au 40. Sasa mchukue mtu anayenyunyiza lita 3 kila jioni. Kwa wiki ametumia lita 21, karibu sawa na kinachotakiwa, na ana haki ya kushangaa kwa nini ua lake linateseka. Sababu ni kwamba lita 3 kwa mita moja ya mraba ni milimita 3 tu, ambazo hulowesha ganda la juu la udongo na sehemu yake kubwa kurudi hewani kesho yake kabla ya kufika kwenye mizizi. Mtu huyo huyo akizikusanya lita 21 zile zile na kuzimwaga kwa mara mbili kwa wiki, polepole, maji yatashuka hadi kina cha mizizi na kukaa huko.

Kwa hiyo tatizo mara nyingi si uchache wa maji bali ni namna yanavyogawanywa. Hili ni jambo la kutia moyo kwa familia inayonunua maji kwa dumu au kungoja siku ya mgao, kwa kuwa huokoa mmea bila kuongeza hata lita moja.

Umwagaji wenyewe uende taratibu. Tengeneza kingo ndogo ya udongo kuzunguka kichaka, yenye kimo cha kama sentimita 5, ili maji yasikimbie. Mwaga sehemu ya kwanza, yaache yazame, kisha mwaga iliyobaki. Udongo uliokauka sana hukataa maji mwanzoni, na ukimwaga yote kwa pamoja yatateleza juu na kwenda kwa jirani. Mwenye mpira wa maji aufungue kidogo tu na kuuacha ardhini kwa muda, na asiye nao anaweza kutoboa tundu dogo kwenye kifuniko cha chupa kubwa ya plastiki, akaikata kitako, akaisimika kichwa chini karibu na mizizi na kuijaza. Wakati ulio bora ni asubuhi na mapema, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, kwa sababu maji hupata muda wa kuzama kabla ya joto na mmea huingia mchana ukiwa umejaa.

Matandazo na upande wa nyumba

Kama ningeruhusiwa kutoa shauri moja tu kwa mwenye haidranjia, ningetaja matandazo kabla ya maji. Matandazo ni tabaka la majani makavu, nyasi zilizokatwa, maganda ya kahawa, vipande vya mbao au mabaki ya migomba linalotandazwa juu ya udongo. Hukinga jua lisiupige udongo moja kwa moja, hupunguza maji yanayopotea, na huifanya mizizi ya juujuu ibaki katika udongo wenye ubaridi. Unene wa sentimita 5 hadi 8 unatosha, na ni lazima kuacha nafasi ya kiganja kimoja kuzunguka shina, kwa sababu matandazo yanayogusa shina hulifanya liwe na unyevu wakati wote na kuoza. Penye mchwa wengi, nafasi hiyo ni muhimu zaidi, na ni vizuri kufunua na kukagua mara kwa mara. Wapo wanaomwaga majivu kuzunguka mmea ili kufukuza mchwa. Kwa haidranjia sipendekezi, kwa sababu majivu hupunguza tindikali ya udongo, na nitaeleza baadaye madhara yake kwa rangi na kwa afya ya majani.

Kuhusu kivuli, mkanganyiko mwingi unatokana na vitabu na video za Uingereza na Marekani ya kaskazini. Huko jua hukaa upande wa kusini karibu mwaka mzima, kwa hiyo mwandishi anaposema ua lipandwe upande wa kaskazini wa nyumba, anamaanisha kivuli cha kudumu. Kwetu, karibu na Ikweta, jua huvuka juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka. Ukuta wa kaskazini hupigwa na jua katikati ya mwaka, ukuta wa kusini hupigwa Desemba na Januari, na mwezi Machi jua liko utosini na hakuna ukuta wa upande wowote unaotoa kivuli cha maana saa sita. Upande usiobadilika ni mashariki. Haidranjia iliyopandwa mashariki mwa nyumba hupata jua la asubuhi, ambalo ni la upole na linalohitajiwa ili maua yatoke, kisha nyumba huikinga baada ya saa saba au nane, wakati hewa ni ya moto zaidi. Aliyepanda magharibi atamwagilia zaidi miaka yote na bado ataona kingo za kahawia.

Kivuli cha mti nacho ni kizuri, lakini si cha kila mti. Chini ya mkaratusi au kando ya ua wa misaipresi, haidranjia hupata kivuli na kunyang'anywa maji hapo hapo, kwa kuwa mizizi ya miti hiyo hujaa katika udongo ule ule wa juu. Ikiwa mmea umekwisha kupandwa mahali pabaya, usiuhamishe kiangazi. Uwekee neti ya kivuli ya muda juu ya vijiti, upande wa magharibi, hadi mvua zije.

Mambo yanayosemwa na hali halisi

Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba matone ya maji juu ya jani hukusanya miali ya jua na kuliunguza. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös mjini Budapest, akiwemo Gábor Horváth, walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya suala hili hili. Waligundua kwamba matone yaliyolala juu ya majani laini yasiyo na vinyweleo hayaunguzi, kwa sababu tone hulala bapa na miali haikutani mahali penye jani; hatari ipo zaidi kwa majani yenye vinyweleo vinavyolishika tone likiwa limeinuliwa. Majani ya haidranjia ya kawaida ni laini. Kwa hiyo ukikuta mmea umelegea saa nane mchana na kijiti kinaonyesha udongo ni mkavu, usisubiri jioni; mwagilia hapo hapo, penye mizizi. Kusubiri kunaweza kukugharimu matumba yote ya maua.

Sababu ya kweli ya kutolowesha majani ni nyingine: majani yanayolala usiku yakiwa na maji hupata madoa ya kuvu, yale ya duara yenye rangi ya zambarau pembeni na kijivu katikati. Ndiyo maana maji huelekezwa chini, na ndiyo maana asubuhi ni bora kuliko usiku.

Imani ya pili ni kuupa mmea mbolea ili ustahimili ukame. Mbolea za viwandani, ambazo wakulima wengi huziita mbolea za chumvichumvi, ni chumvi kweli kweli kwa mizizi. Udongo ukiwa na maji machache na chumvi nyingi, mizizi hushindwa kuvuta hata yale maji yaliyopo, na kingo za majani huungua kwa kasi zaidi. Isitoshe, naitrojeni huchochea majani mapya, makubwa na laini, ambayo ni matumizi mapya ya maji yanayoongezwa wakati mapato yamepungua. Mmea unaoteseka kwa joto haupewi mbolea ya aina hiyo, na samadi isiyoiva nayo ingoje.

Kuhusu maji yaliyokwisha kutumika nyumbani, ambayo katika ukame ni hazina, jibu linategemea yalitumika kwa nini. Yaliyoosha mchele, mboga au matunda ni salama. Ya kufulia yenye sabuni ya unga au dawa ya kung'arisha nguo yasimwagwe hapa, kwa sababu yana sodiamu na hupunguza tindikali ya udongo, na haidranjia huonyesha chuki yake kwa majani kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, dalili kwamba madini ya chuma hayapatikani tena kwa mizizi hata kama yamo udongoni.

Kwa nini ua la buluu limegeuka waridi

Hapa ndipo watu hushtuka zaidi, na wengine hudhani wameuziwa mche wa uongo. Rangi ya buluu katika haidranjia hutokana na aluminiamu ambayo mmea huivuta kutoka udongoni, na aluminiamu hiyo hupatikana kwa mizizi pale tu udongo unapokuwa na tindikali. Kwa kipimo cha pH, ambacho namba yake ikiwa ndogo tindikali ni nyingi, udongo ulio chini ya 5.5 kwa kawaida hutoa maua ya buluu, ulio juu ya 6.5 hutoa waridi, na katikati yake hutokea zambarau au mchanganyiko katika kichaka kimoja. Chai nayo hupenda udongo wenye tindikali wa kiwango hicho hicho cha chini, na hivyo si ajabu kwamba katika maeneo ya mashamba ya chai, kuanzia Tigoni hadi Usambara na Mufindi, haidranjia za buluu humea bila mtu kuzipaka dawa yoyote.

Wakati wa mvua, mmea hunywa maji ya mvua. Kiangazi, mwenye bustani hufungua maji ya kisima kirefu, ambayo katika maeneo mengi yana bikaboneti nyingi, na wiki baada ya wiki maji hayo hupunguza tindikali ya udongo unaozunguka mizizi. Maua yanayofunguka baada ya hapo huja na zambarau au waridi. Mmea hauumwi. Aliye na pipa la maji ya mvua ayahifadhi kwa ajili ya haidranjia na mimea mingine inayopenda tindikali, na nyanya na sukumawiki azipe maji ya kisima. Misumari yenye kutu inayofukiwa chini ya mmea haileti buluu, kwani kutu ni chuma wala si aluminiamu. Shabu, ambayo ina aluminiamu, huweza kweli kuleta buluu, lakini nayo ni chumvi, na kuiweka wakati wa ukame ni kuongeza mzigo juu ya mizizi iliyoelemewa, ingoje mvua. Haidranjia nyeupe hazigeuki kwa lolote kati ya hayo.

Zilizo kwenye vyungu, na zilizo pwani

Mmea wa chunguni hauna akiba ya udongo wa kina, kwa hiyo yale ya mara mbili kwa wiki hayauhusu. Unaweza kuhitaji maji kila siku. Plastiki nyeusi ikipigwa na jua hupasha mizizi moto hadi ikafa upande mmoja, na kuutia mmea huo ndani ya chungu kikubwa cha udongo, au kuusogeza nyuma ya vyungu vingine, husaidia sana. Chungu kikikauka kabisa, udongo hujikunja na kuacha mwanya kati yake na ukuta wa chungu; maji yote hupitia mwanya huo na kutoka chini baada ya sekunde chache, na mwenye mmea huamini amekwisha kumwagilia. Dawa ni kukitumbukiza chungu kizima ndani ya beseni la maji hadi mapovu yakome kutoka, kisha kukitoa na kukiacha kichuruzike.

Kwa wanaonunua haidranjia ya zawadi mjini Dar es Salaam au Mombasa, ni haki waambiwe ukweli. Aina hii hutengeneza matumba ya maua inapopata majuma kadhaa ya ubaridi, takriban nyuzi 18 za Selsiasi au chini ya hapo, jambo ambalo usiku wa Limuru, Lushoto au Njombe hulitoa bila shida na usiku wa pwani hautoi. Kwa kivuli na maji mengi mmea unaweza kuishi pwani, lakini maua yaliyokuja nayo huenda yakawa ya mwisho, na hilo halitokani na uzembe wa mtunzaji.

Jambo la mwisho ni mkasi. Mmea ukiwa katika dhiki, kata vichwa vya maua vilivyochoka, ukiishia juu tu ya jozi ya kwanza ya matumba yaliyonenepa, maana kila kichwa kilichoondolewa ni maji yaliyookolewa. Usipogoe zaidi ya hapo, kwa kuwa haidranjia hii huchanua kutoka kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, na kuyafyeka kiangazi ni kufuta maua ya msimu ujao. Majani yaliyoungua nusu nayo yaache, kwani ile nusu ya kijani inafanya kazi na ile iliyokufa inatia kivuli majani ya chini yake. Mvua zikishatulia na udongo kulowa hadi kina cha sentimita 20 hivi, kwaruza magamba ya matawi yanayotiliwa shaka kwa ukucha: lenye kijani chini ya gamba liachwe, hata kama halina jani hata moja, na lililo kahawia na kavu hadi ndani likatwe mpaka penye uhai. Matawi na majani yaliyokatwa yapelekwe kwenye shimo la mboji. Yasitupwe zizini, kwa kuwa haidranjia ina kemikali zinazoweza kutoa sumu ya sianidi tumboni mwa mnyama, na mwishoni mwa kiangazi, malisho yakiwa yamekwisha, mbuzi mwenye njaa hula chochote cha kijani anachowekewa mbele yake.